Robota la hei la dukani au nyasi zetu za mbuga? Nimelisha vyote msimu mzima hapa Kisesa, haya ndo niliyoyaona

Mwezi wa nane mwaka jana nilinunua marobota 30 ya hei, yaani nyasi zilizokatwa zikakaushwa, kwenye duka moja la pembejeo mjini Mwanza, 7,000 kila robota, na kirikuu ya kuyaleta mpaka kwangu Kisesa nikalipa 30,000, kwa hiyo ukipiga hesabu kila moja lilifika bandani kwa 8,000. Muuzaji aliniambia mama hii ni nyasi ya Rhodes tupu, ng'ombe akila hii utatafuta ndoo nyingine. Siku ya tatu Kabula, ng'ombe wangu chotara aliyekuwa anatoa lita 9 kwa siku, akashuka 8, wiki ikaisha yuko 6, na pumba ni ileile kwa kilo zilezile, mashudu yaleyale, maji yapo muda wote. Hata mtamba wangu ambaye hakamuliwi akaanza kuonesha mbavu. Asubuhi ukienda bandani unakuta hori limejaa vijiti, wamechambua wee wakaacha.

Roho iliniuma sana. Nikatandika turubai chini, nikakata kamba za robota moja, nikaazima mizani ya kuning'iniza ya dijitali kwa jirani yangu anayenunua sangara mwaloni, nikapima robota zima kwanza. Kilo 11 na nusu, dukani niliambiwa 15. Afu nikapima kilo moja, tukakaa na binti yangu tukaanza kuchambua kwa mkono, majani huku mabua kule, kazi ya saa nzima na zaidi. Majani yakatoka gramu 180. Yaliyobaki yote ni mabua, yamefubaa kama makuti ya paa la zamani, ukilikunja bua linakatika pa! kama njiti ya kiberiti, na masuke matupu, mbegu zilishapukutika siku nyingi. Katikati ya robota kulikuwa na kibonge kimeshikana, cheupecheupe, ukikipasua kinatoa vumbi linalowasha pua na harufu ya godoro lililolowa likakosa jua.

Sasa nisimwonee muuzaji, jina hakunidanganya. Ilikuwa Rhodes kweli, suke lake linajulikana, kama vidole vimetokea sehemu moja. Ila ilikuwa Rhodes iliyoachwa shambani mpaka ikazeeka, ikamwaga mbegu, ndo ikakatwa, labda baada ya kuvunwa mbegu zenyewe. Na hili ndo jambo nimelibeba msimu mzima na nataka wafugaji wenzangu wa Kanda ya Ziwa walielewe kabla hawajatoa hela: usinunue jina la nyasi, nunua umri wake siku ilipokatwa. Rhodes iliyokatwa ikianza kuchanua inakuwa na protini kama asilimia 8 mpaka 10, ileile ikiachwa ikakomaa kabisa inashuka 5, inashuka 4, na hapo huna tofauti na mabua ya mahindi.

Kwa nini hizo asilimia ni muhimu? Ng'ombe tumboni kwake, kwenye tumbo kubwa, ana bakteria wengi sana, hao ndo wanaosaga nyuzinyuzi, yeye peke yake hawezi. Hao bakteria na wao wanahitaji protini. Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi wanachoka, wanapungua, usagaji unaenda polepole, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anaonekana ameshiba, tumbo limejaa kama ngoma, kumbe ana njaa, na kwa kuwa tumbo limejaa hali tena. Kwa hiyo nyasi mbovu inakupiga mara mbili, protini kidogo na yenyewe anaila kidogo. Ushahidi uko chini ya mkia. Kabula kipindi kile kinyesi chake kilikuwa kigumu, kimepangana tabaka kwa tabaka kama chapati, ukiona hivo jua tumboni protini hakuna. Nyasi ikiwa nzuri kinyesi kinakuwa kama uji mzito, kinatandazika chenyewe na katikati kina kashimo kadogo.

Marobota yaliyobaki nikayafanya matandiko ya ndama (yale yenye ukungu nikayatupa shimoni kabisa, ukungu kwa ng'ombe mwenye mimba ni hatari, anaweza kutupa), nikaanza kutafuta hei nyingine. Mtu wa pili nilimpata kwa kuuliza uliza, ana shamba lake upande wa Misungwi, anakata mwenyewe anafunga mwenyewe. Huyu nilimwendea mpaka shambani, sikukubali kuletewa. Bei yake 8,500, nikaona ni ghali, lakini robota nilipoliinua nikasikia uzito, mizani ikasoma kilo 15 na robo. Rangi kijani iliyopoa, ile ya majani ya chai yaliyokauka, siyo manjano. Ukitia mkono ndani kabisa ni pakavu na baridi, harufu tamu, mi huwa inanikumbusha mchele mpya. Nikachambua kilo moja vilevile, majani gramu 470, karibu nusu kwa nusu. Masuke yalikuwepo ila machanga, bado yana uzambarau kidogo.

Ile rangi ya kijani siyo urembo. Ndo inayokuonesha kwamba nyasi haikuachwa juani siku nyingi mpaka ikaungua, maana jua kali linamaliza karotini, na karotini ndo ng'ombe anaigeuza vitamini A. Mwezi wa nane na wa tisa hapa kwetu kila kitu kimekauka, ng'ombe hapati kijani popote, hei ya kijani ni kama mboga kwake. Na majani ndo yanabeba protini kubwa, bua ni la kumshikilia tu. Kwa hiyo fundi wa hei anayegeuza nyasi kwa ukali mchana wa jua wakati imeshakauka, majani yote yanapukutika yanabaki chini, kwenye robota unauziwa fimbo.

Siku kumi na Kabula alirudi lita 8 na nusu, sikubadilisha kitu kingine chochote. Huyu wa Misungwi nampa alama zote isipokuwa moja, hataki kuuza chini ya marobota 50 na usafiri ni juu yako, kwa mfugaji wa ng'ombe wawili watatu kama mimi ni mzigo mzito, ilibidi tuungane watu watatu tukakodi fuso.

Haya, tuje kwenye nyasi zetu za asili, maana kuna watu wakisikia hei wanaona nyasi za mbuga ni takataka, na kuna wazee wakisikia hei wanasema ni kupoteza hela wakati Mungu ameotesha nyasi bure. Wote wana ukweli nusu.

Kwanza hiyo Rhodes yenyewe ni nyasi ya Afrika, haikutoka Ulaya, inaota yenyewe huku Afrika Mashariki, jina tu ndo la kigeni. Brachiaria wanayoisifia siku hizi nayo ni ya Afrika, Wabrazili wakaichukua wakaijazia mashamba yao ya ng'ombe, sisi sasa tunanunua mbegu zake kwa bei. Hapa kwetu ukitembea kuanzia Kisesa kwenda Magu, au Misungwi mpaka Kwimba, kwenye luseni (ardhi ya kichanga) na kwenye mbuga nyeusi utakuta ukoka, utakuta ile nyasi yenye suke la manyoya kama mkia wa mbweha, Cenchrus, utakuta zile nyasi ndefu za kuezekea. Hizi zote zikiwa changa, mvua imenyesha wiki tatu nne, zinafika protini asilimia 10 na wakati mwingine zinapita. Yaani mwezi wa tatu ukoka mchanga kutoka pembeni ya barabara unaishinda ile hei yangu ya 8,000 mara mbili na zaidi. Tatizo ni kwamba haudumu hivo. Nyasi za kuezekea ndo mbaya zaidi kwa hili, wiki chache tu zimeshakuwa mti, mwezi wa nane zina protini asilimia 3 hivi, ng'ombe anakula kwa sababu hakuna kingine.

Mimi masika nzima nalisha majani mabichi ya vijana wa baiskeli. Kuna kijana mmoja analeta kila siku saa kumi na mbili asubuhi, akifika getini ananisalimia kwa Kisukuma "mwangaluka mayu", namwitikia, namwambia mwanangu tupime kwanza, siku hizi hata haulizi, anautundika mwenyewe kwenye mizani. Mzigo mmoja wa baiskeli ni kilo 35 mpaka 40, ananiuzia 3,000. Watu wanasema ni rahisi sana kuliko hei, na ni kweli ila siyo kwa kiasi wanachofikiria, maana majani mabichi robo tatu yake ni maji. Kilo 38 mbichi ukizikausha unabaki na kilo 9 na nusu hivi za chakula chenyewe. Gawa 3,000 kwa 9.5, unapata kama 315 kwa kilo kavu. Robota la Misungwi kilo 15 lina maji kidogo tu, unabaki na kilo 13 kavu, 8,500 gawa kwa 13 ni 650 na usafiri haujaweka. Kwa hiyo masika majani mabichi yana bei nusu ya hei na protini yanalingana au yanazidi. Kununua hei mwezi wa nne ni kutupa hela, nimemwona jirani anafanya hivo kwa sababu ya uvivu wa kumsubiri kijana wa majani na nikamwambia ukweli.

Ila usikubali majani ya kijana bila kuangalia. Akikata kwenye malisho ya ng'ombe wa kijiji anakuletea na kupe wadogo wale wa kama pilipili manga, hata ukiogesha ng'ombe wako ndigana kali inakufuata bandani. Akikata kandokando ya shamba la pamba au la nyanya, muulize kama wamepulizia dawa. Na asubuhi sana yakiwa na umande mzito mi huwa nayatandaza kwenye jukwaa yanyauke kidogo mpaka saa nne, ng'ombe wanakula zaidi na tumbo haliwajai gesi.

Kiangazi kikianza, huyohuyo kijana anahama. Mwezi wa saba juu huku hakuna kitu kibichi, anashuka ziwani, upande wa Kayenze na Igombe, anakata nyasi za majini na matete machanga. Kwa macho unafurahi, kijani kimekolea, wakati huku kwetu ni vumbi tupu. Mi nililisha wiki mbili nikaacha, nieleze sababu. Nyasi za kandokando ya ziwa na madimbwi zinaweza kuwa na minyoo ya ini, ile inayolelewa na konokono wa majini, ikitoka kwa konokono inajishikiza kwenye majani ng'ombe anaimeza. Unamwona ng'ombe anakonda tu, chini ya taya panavimba kama mfuko wa maji, maziwa yanakata, unahangaika na dawa za kupe kumbe tatizo liko kwenye ini. Na yule kijana mwenyewe anasimama majini hadi magotini, ziwa letu kichocho kipo, nilimwambia mwanangu 3,000 yangu haitoshi kukununulia afya, angalau nenda hospitali upime umeze vidonge, akaenda. Kama huna jinsi lazima ulishe nyasi za ziwani, wambie wakate sehemu ya juu iliyo mbali na maji, zikaushe vizuri juani kabla ya kulisha maana kukauka kunapunguza sana ile hatari, na ng'ombe wapewe dawa ya minyoo ya ini kwa kumshirikisha mtaalamu wa mifugo. Kuhusu magugu maji nimeulizwa mara nyingi, jibu fupi, zaidi ya asilimia 90 ni maji, unabeba mzigo wa maji kwenye baiskeli.

Sasa ngitili. Mjomba wangu yuko Kwimba, ana ngitili ya baba yake, eneo ambalo mvua zikianza linafungwa, hakuna ng'ombe kukanyaga, linakuja kufunguliwa kiangazi kikikaza. Huu ni utaratibu wa Wasukuma wa zamani sana na ndo huohuo mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 kule Shinyanga uliuamsha tena mpaka mapori yakarudi. Mi naiheshimu sana ngitili, bila hiyo ng'ombe wengi wasingeona mvua ya mwezi wa kumi. Lakini kwa lishe tuseme ukweli, ngitili inatunza wingi, haitunzi ubora. Nyasi inayosimama kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane inaendelea kuzeeka pale pale iliposimama, protini inarudi kwenye mizizi, majani yanadondoka, jua linaunguza, inayobaki ni hei iliyosimama yenyewe lakini hei ya kiwango cha ile niliyouziwa dukani. Kinachookoa ng'ombe wa mjomba ni migunga iliyomo ndani, maganda yake yakidondoka mwezi wa nane wa tisa ng'ombe wanayafuata mbio, yale yana protini ya kutosha kuwaamsha wale bakteria wa tumboni ili hata nyasi kavu isagike.

Hebu tuipigie hesabu. Ng'ombe wa kilo 300 na kidogo anahitaji kama gramu 400 za protini kwa siku ili aishi tu, asikonde. Kila lita ya maziwa juu ya hapo ni kama gramu 85 nyingine. Hei nzuri yenye asilimia 9, akila kilo 8, anapata gramu 720, kwa hiyo anajitunza na anabakiza ya lita 3 mpaka 4 kabla hujampa hata kijiko cha pumba. Nyasi iliyosimama yenye asilimia 4, na kwa sababu ni ngumu anakula kilo 6 tu, anapata gramu 240. Hata kujitunza mwenyewe haitoshi, hapo anakula nyama yake. Zebu wa mjomba, yaani ng'ombe wetu wa kienyeji, anavumilia, anakonda kisha mvua ikija anarudi, maumbile yake ndo hayo. Chotara wa maziwa hawezi, akishuka mwezi wa nane hiyo mimba unaisubiri mpaka uchoke.

Ndo mwaka huu nikamshawishi mjomba. Nilimwambia mjomba tusiiguse ngitili yote, nipe kipande tu, kama nusu eka, nikate mwezi wa tano nyasi zikiwa zinaanza kutoa masuke. Alisita, akasema mwanangu ukikata sasa mwezi wa tisa ng'ombe watakula nini, nikamwambia watakula hizihizi ila zikiwa na nguvu yake. Akakubali. Shida ya mwezi wa tano ni mvua za mwisho, ukikata ikanyeshewa imekula kwako, mvua inaosha sukari yote na nyasi inakuwa nyeusi. Tulisubiri mpaka tukaona siku nne mfululizo za jua, tukakata na mundu asubuhi umande ukiisha, tukageuza mara moja jioni na mara moja kesho yake, siku ya tatu tukakusanya.

Kujua imekauka kiasi gani hatuna mashine. Tulitumia chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, kavu kabisa, unakatakata nyasi kiganja kimoja unatia, unaweka vijiko viwili vya chumvi kavu ya unga, unafunga, unatikisa dakika kadhaa, unaacha itulie. Chumvi ikishikana au ikiganda kwenye kuta, bado ina maji mengi, ukiifunga itapata joto na ukungu. Chumvi ikitiririka kama mchanga, funga. Mara ya kwanza yetu ilishikana, mjomba akasema imekauka hii mbona inatoa sauti, tukabishana kidogo, tukaiacha nusu siku tena, jioni chumvi ikatiririka. Kufungia tulitumia sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, fundi wa Kisesa alinitengenezea kwa mbao za mirunda, unapitisha kamba chini, unajaza nyasi, mtu anaingia anakanyaga haswa, unajaza tena, unafunga unasukuma robota linatoka. Yetu yalitoka kilo 16 mpaka 19 kutegemea nani alikanyaga.

Tulipata marobota 41. Nikachambua kilo moja kama zile nyingine, majani gramu 430. Nyasi za asili, mchanganyiko wa Cenchrus na ukoka na nyingine sizijui jina, na ndani yake kuna jamii ya kunde zilizojiotea zenyewe, vile vimaharage vya porini vinavyotambaa, ambavyo kwenye Rhodes ya kupandwa huvikuti na vyenyewe vina protini kuliko nyasi. Gharama, vibarua, kamba na usafiri wa kirikuu mpaka Kisesa, robota lilinifikia kwa kama 3,800. Nimeanza kulisha mwezi wa saba. Kabula amezaa tena kwa hiyo maziwa siwezi kulinganisha na mwaka jana moja kwa moja, ila mtamba yuleyule aliyekonda mwaka jana sasa hivi mgongo umejaa, na hori asubuhi ni safi, wanaramba mpaka saruji.

Kwa hiyo kati ya hei ya Misungwi na hii ya ngitili iliyokatwa mapema, kwa lishe naona zinakaribiana sana, ya Misungwi ina majani kidogo zaidi na haina vijiti vya miiba ambavyo kwenye yetu inabidi uangalie kwa makini, moja lilimchoma Kabula mdomoni. Ya ngitili ina bei chini ya nusu. Ya duka la mjini sirudi.

Na hei peke yake, hata iwe nzuri vipi, haitoshi kwa ng'ombe wa lita 9, mtu asije akalisha hei tupu afu akalaumu mwenye shamba. Sisi Mwanza tuna bahati ya mashudu ya pamba, tuna pumba za mahindi, tuna marando ya viazi ambayo watu wanayaacha yaoze shambani, tuna majani ya karanga na makapi ya dengu na choroko kutoka huko mbugani. Marando mawili matatu kwenye hori juu ya hei unaona ng'ombe anavyobadilika. Kuna watu wanachanganya maganda ya mpunga wakidhani ni pumba, yale ni kuni, hayana kitu. Na kwa anayebaki na mabua au hei iliyozeeka kama ile yangu, inaweza kuokolewa na urea, kilo 4 mpaka 5 za urea kwenye maji kwa kila kilo 100 za mabua, unafunika na nailoni hewa isiingie wiki tatu, lakini vipimo lazima viwe sahihi maana urea ikizidi inaua ng'ombe, usifanye kwa kusikia, fanya na mtaalamu wa mifugo amesimama hapo. Misungwi pale Mabuki kuna kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI na chuo cha mifugo cha LITA, mwenye swali la malisho asiogope kwenda kuuliza.

Ukienda kununua robota, omba likatwe kamba moja mbele yako. Muuzaji akikataa ondoka. Tia mkono mpaka katikati, kama pana joto au unyevu usichukue, nusa, tafuta majani siyo mabua, angalia suke kama bado lina mbegu changa au limeshakuwa fagio, na beba mizani yako. Kamba za nailoni ukishakata zihesabu, robota letu lina mbili, zote mbili zitoke bandani, ng'ombe akimeza kamba inajifunga tumboni na hakuna dawa ya kuinywesha ikatoka.

Mjomba ameshaniambia mwakani tutakata eka nzima, na majirani zake wawili wameomba sanduku.